Haitatahiniwa, Kwa Hivyo Tunaisomea Nini?

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndiyo nipate nguvu ya kuwachapa nyinyi baadaye.

Kidato cha Tatu, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliingia darasani amebeba vitabu saba vya zamani kutoka stoo, vingine havina hata jalada. Akasema tugawane, watu sita kwa kitabu kimoja, na tukirudi kila mtu asimame mbele aeleze sura moja kwa maneno yake. Kitabu chenyewe ni Walenisi, cha Katama Mkangi. Riwaya ya kisayansi, akatuambia. Kuna jamaa anarushwa angani anafika dunia nyingine.

Darasa lote likacheka. Angani kwa Kiswahili? Halafu mtu mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?"

"Haitatahiniwa."

"Sasa tunaisomea nini?"

Huyo mtu alikuwa mimi. Na nilisema kwa ile sauti ya kutafuta kucheka na wenzangu. Mwalimu hakunijibu. Alinipatia kitabu mkononi, wa kwanza kabisa, akaenda zake.

Naandika hii kwa sababu juzi binamu yangu aliniuliza swali lile lile, neno kwa neno. Yuko Gredi ya 10, hao wa kwanza walioingia sekondari ya juu Januari 2026 chini ya mtaala mpya. Amechagua njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Nilimpatia Walenisi akaishika na vidole viwili kama soksi chafu. Akaniambia riwaya za Kiswahili ni za watu wa sayansi ya jamii, yeye anataka kuunda roboti. Na kama ni sai-fai, ataangalia ya Marekani, hizi zetu ni za kutahiniwa tu.

Hapo ndipo nilijua lazima niseme. Katika sentensi mbili amerudia uongo mbili ambazo karibu sote tumelishwa: kwamba kitabu cha Kiswahili ni chakula cha mtihani, na kwamba kuwaza mambo ya kesho ni kazi ya wazungu. Nazikataa zote mbili, na nitakuambia kwa nini.

Kwanza, kitabu chenyewe. Walenisi ilichapishwa mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kifo na watawala wa nchi yake. Hawamnyongi. Wanamfungia ndani ya chombo kinachorushwa angani, aende akafie huko mbali, mambo yaishe. Lakini Dzombo hakubali kuwa mzigo ndani ya hicho chombo. Anajifunza kukiendesha. Na kinamfikisha Walenisi, mahali ambapo watu wamejipanga kuishi bila mmoja kumkalia mwingine kichwani. Yanayofuata sikuambii, mimi si mtu wa kuharibia watu utamu.

Nilipofika pale Dzombo anashika mitambo ya kile chombo, nilikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki kwenye kibanda cha mama yangu sokoni, Jumamosi, kelele kila mahali. Mteja akaitisha sukuma mara mbili na sikusikia. Mama alinirushia kitambaa cha kupangusia nyanya. Manze, mimi, mtu wa "tunaisomea nini", nilikuwa nimesahau niko Nakuru.

Sasa mwangalie aliyeandika. Katama Mkangi alikuwa mtu wa Pwani, mwanasosholojia, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1986, serikali ya Moi ilipokuwa inawasaka watu iliowaita wapinzani wa chini ya maji, alikamatwa akawekwa kizuizini bila kufunguliwa kesi. Hakuwa peke yake. Wakili Mirugi Kariuki, ambaye watu wa hapa wanamjua kwa sababu 2002 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nakuru Mjini, alizuiliwa mwaka huo huo. Miaka tisa baadaye Mkangi anatuletea riwaya ya mtu aliyefungiwa ndani ya chombo afe, na badala ya kufa akajifunza kukiendesha.

Sisemi Dzombo ni Mkangi. Nasema tu kwamba mtu akikuambia sai-fai ni kukimbia ukweli, muulize ni nani alijua ukweli wa nchi hii kuliko aliyefungiwa na nchi yenyewe. Na huyo mtu, alipotaka kuongea kuhusu Kenya, alienda angani.

Turudi kwa uongo wa kwanza, ule wa mtihani.

Dada yangu alifanya KCSE na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Nakala yake bado iko nyumbani. Ukiifungua, kila ukurasa umepakwa rangi: njano ni maudhui, kijani ni mbinu za lugha, waridi ni sifa za wahusika. Ukimuuliza dada yangu kitabu kinahusu nini, atakupa pointi kumi na mifano. Ukimuuliza kama alikipenda, anakuangalia kama umemuuliza kama anapenda kitambulisho chake.

Na si kosa lake. Wengi wetu tulikutana na mwongozo kabla ya kitabu. Ule mwongozo mwembamba wa kununua mtaani, umeshakutafunia kila kitu: huyu ni mnafiki, yule ni mwenye bidii, hapa kuna jazanda, pale kuna kinaya. Unafika kwa riwaya yenyewe na hakuna kilichobaki cha kugundua. Ni kama kwenda mechi ya Gor na Ingwe wakati umeshaambiwa magoli yote na dakika zake. Utakaa uwanjani kufanya nini?

Walenisi ilinipata bila mwongozo. Hakuna aliyeniambia Dzombo ana sifa gani, ilibidi niamue mwenyewe. Kuna mahali nilimwona shujaa, kuna mahali nilimwona mjuaji. Nilibishana na wenzangu watano tuliokuwa tunagawana hicho kitabu, tukabishana kwa jambo ambalo halikuwa na alama hata moja. Kwa miaka mitatu ya sekondari, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza naona watu wakigombana kuhusu kitabu badala ya kuhusu jibu sahihi.

Tena wacha niwe mkweli, ndiyo msiseme nimelipwa. Walenisi ina makosa yake. Kuna kurasa mtu anaanza kuongea na unajua kabisa hapa ni mhadhiri wa chuo kikuu amevaa nguo za mhusika. Anahubiri mpaka unaangalia saa. Na hiyo jamii ya watu wema wote wakati mwingine inaboesha, kwa sababu watu wasio na tabia mbaya hawana stori. Lakini unajua kwa nini naweza kusema hivyo? Kwa sababu niliruhusiwa kukisoma kama msomaji. Nikiwa na mwongozo ningeandika "mwandishi ametumia mbinu ya uzungumzi" nipate alama yangu niende nyumbani.

Uongo wa pili: ati sai-fai si yetu.

Wewe unayesoma hii ukiwa Kiamunyi, Lanet, Bondeni, Gilgil, hebu toka nje uangalie. Hapo juu ya mji kuna Menengai, volkano yenye shimo ambalo ukisimama ukingoni unashindwa kuona upande wa pili vizuri. Chini yake watu wanachimba kutafuta mvuke. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, tangu 1981 mvuke unatoka tumboni mwa ardhi, unazungusha mitambo, na ndio unachaji hiyo simu umeshika. Mwaka 2018, Mai Mahiu, ardhi ilipasuka ikakata barabara katikati, na dunia nzima ikaja kupiga picha. Bonde la Ufa lenyewe ni bara linaloachana polepole, na sisi tumejenga ploti katikati ya huo mpasuko tukaanika nguo.

Halafu maji. Ziwa Nakuru limepanda tangu karibu mwaka 2010 mpaka likameza lango la zamani la mbuga. Heroe ambao babu zetu walijivunia kwa kila kalenda, wengi walihamia Bogoria. Mwaka 2025, mtaa wa Kihoto pale Naivasha, watu walitoka kwa nyumba zao kwa mashua. Mashua, mahali ambapo juzi kulikuwa na bodaboda.

Mpelekee mhariri wa London hiyo stori: ziwa linalofuata watu mpaka kitandani, ardhi inayofunguka, moto wa chini unaowasha taa za mji. Atasema ni sai-fai safi. Sisi tunaiita taarifa ya saa moja.

Kwa hivyo usiniambie hatuna mazingira ya kuandikia hizi hadithi. Na usiniambie hakuna waliojaribu. Wanuri Kahiu, Mkenya, alitengeneza filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009: vita vya maji vimeisha, watu wanaishi wamejifungia, na mwanamke mmoja anayeitwa Asha anapata udongo unaoweza kuotesha mbegu. Kyallo Wamitila alituandikia Bina-Adamu! mwaka 2002, riwaya ya ajabu inayozunguka dunia kama ndoto. Katama Mkangi alikuwa ameshafika angani kabla sisi kuzaliwa. Vitu viko. Tumefundishwa tu kutovitafuta.

Na binamu yangu wa roboti, sikiza. Roboti bila swali ni jembe tu. Mtu wa sayansi ndiye anahitaji hizi riwaya kuliko wote, kwa sababu fizikia itakufundisha chombo kinaruka vipi, lakini haitakuuliza nani amefungiwa ndani na ni nani alibonyeza kitufe. Dzombo alipewa chombo kilichoundwa na watu werevu sana. Kiliundwa vizuri. Kiliundwa ili kimuue. Ukitoka chuoni na digrii yako ya uhandisi halafu uitwe kazi ya kuunda kitu kama hicho, utajua kusema hapana ukiwa umesoma nini?

Sasa nifike kwa ile sababu kubwa. Nilikuwa nataka kuiacha lakini itakuwa uongo nikiiacha.

Ile Jumamosi sokoni, mama aliniuliza, "Hiyo unasoma ni nini mpaka wateja wanaondoka?"

"Walenisi, mama."

"Ndiyo nini?"

Sikuwa nimefikiria. Nikalitamka polepole, nikalikata vipande: wale, ni, sisi. Wale ni sisi. Yaani jina lote la kitabu lilikuwa sentensi, na nilikuwa nimeibeba wiki nzima bila kuiona.

Mama alinyamaza. Akaendelea kupanga sukuma, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena. Halafu akaanza kuniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia.

Mimi nimejua maisha yangu yote kwamba "tulihamia Nakuru". Hivyo tu. Sikujua tulihama usiku. Tulikuwa tunaishi upande wa Molo, na Januari 2008, baada ya ule uchaguzi, tulitoka na nguo tulizovaa na gunia moja. Nilikuwa na miaka mitatu. Tulilala Uwanja wa Maonyesho hapa Nakuru pamoja na maelfu ya watu wengine, na mimi nimepita kwa lango la ule uwanja mara ngapi sijui, nikienda kuangalia maonyesho, nikinunuliwa peremende.

Lakini kilichomfanya mama anyamaze ni jirani. Alikuwa mama wa "wale". Alikuja gizani akasema tokeni sasa hivi, msingoje asubuhi. Mama alikuwa amebeba dada yangu na gunia. Huyo jirani akanifunga mgongoni kwake na leso yake mwenyewe, akatembea na sisi mpaka barabarani. Hapo akanifungua, akanikabidhi, akarudi. Mama hajamwona tena mpaka leo. Leso alituachia.

Sitasema sisi ni kina nani na wale ni kina nani. Na kama jambo la kwanza ulilotaka kujua uliposoma hiyo stori ni makabila, basi hicho kitabu ni chako kabisa, kitafute leo.

Kwa sababu nyinyi mnajua, kama mimi, neno "wale" linafanya kazi gani huku kwetu. Halina jina ndani yake, ndiyo maana ni hatari. Mwanasiasa hahitaji kutaja mtu. Anasema tu "wale", na umati mzima unajua ageuze shingo upande gani. 1992 lilifanya kazi. 2007 na 2008 likafanya kazi. Na kila mwaka wa uchaguzi ukikaribia, mtu analitoa kabatini analipangusa vumbi. Mwaka 2027 uko pale mbele, na mkitega sikio mtasikia limeanza.

Mtu akiniambia hayo uso kwa uso, nikiwa Kidato cha Tatu, ningemsikia? Hapana. Nilikuwa nimesikia kila hotuba ya amani shuleni, na kila moja nilikuwa nikingoja iishe. Hata Chozi la Heri, ambayo inaongea waziwazi kuhusu watu waliofurushwa baada ya uchaguzi, nilikuwa nimeiona kwa dada yangu imegeuzwa kuwa pointi za rangi tatu. Ilibidi Mkangi anitoe kabisa hapa, anipeleke mahali ambapo sina kabila, sina upande, sina wa kumtetea, ndiyo sentensi ya maneno matatu ipate njia ya kuingia. Mtu hujifunga mlango akiona mgeni anatoka upande anaoujua. Huyu alikuja kutoka juu.

Hiyo ndiyo kazi ya sai-fai. Anayesema ni ya kukimbia dunia hajawahi kurudishwa kwao nayo.

Najua mnachosema sasa. "Wewe umemaliza shule, sisi tunatafuta gredi." Sawa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ni alama 80 na hakuna aliye na haki ya kucheza na alama zako, hata mimi. Lakini muhula ule baada ya Walenisi, nilirudi kwa vitabu teule nikavisoma mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa mwongozo, kwa sababu nilikuwa nimegundua naweza. Nilichukua hata Chozi la Heri ya dada yangu nikasoma chini ya zile rangi, na nikamkuta mama yangu mle ndani. Alama zangu hazikushuka. Na kama zingeshuka kidogo, ningekuwa bado namjua yule mama wa leso.

Mwingine atasema vitabu ni ghali na mwalimu ana darasa la watu wengi kupita kiasi. Kweli. Ndiyo maana nawakumbusha: vitabu saba, watu arobaini na wawili, stoo yenye vumbi. Hatukuhitaji maabara. Tulihitaji mwalimu mmoja aliyethubutu kusema "haitatahiniwa" bila kuomba msamaha.

Kwa hivyo ombi langu, na si ombi sana, ni dai. KICD, nyinyi ndio mnaidhinisha vitabu vya shule: watoto wa mtaala mpya mmewaambia waunde kesho, basi wekeni kwenye orodha angalau riwaya moja ya Kiswahili inayoiwaza hiyo kesho. Walimu, kila mwaka toeni kitabu kimoja kisicho na alama, halafu mnyamaze muone. Waandishi wa rika langu, ziwa linapanda na ardhi inapasuka, mnangoja nani aje awaandikie?

Na wewe wa kuuliza itakuja kwa mtihani? Ingia maktaba ya umma, uliza wauzaji wa vitabu vya mtumba mjini, omba mwalimu wako afungue stoo. Ukiipata, soma mpaka pale Dzombo anashika usukani. Ikikushinda hapo, rudi unitusi, nitakubali.

Yule mwalimu hakunijibu siku ile, na sasa ndiyo namwelewa. Mama yangu naye, ile leso iko juu ya meza ya sebule. Nilidhani ni kitambaa cha meza.